Mekatilili wa Menza: Bibi Aliyeipeleka Ngoma ya Matanga Vitani

Mwaka 2024 Sikukuu ya Mashujaa ilifanywa kwetu pwani, huko Kwale. Mwaka 2025 zamu ikaenda bara, ikaangukia Kitui, na tarehe 20 Oktoba watu wakakusanyika katika uwanja wa Ithookwe kwa gwaride la majeshi, hotuba za wakubwa na ngoma. Siku hiyo nchi ilikuwa katika msiba. Raila Odinga alikuwa amefariki dunia tarehe 15 ya mwezi huo huo, na maziko yake yalifanywa Bondo tarehe 19, yaani jana yake tu. Matanga na sherehe vikakutana mlangoni.

Wako wasomaji wa ukurasa huu ambao jambo hilo liliwakaa vibaya. Sisi watoto wa chuoni tumelelewa kwamba kwenye msiba husomwa Yasini, hupikwa chakula cha hitima, na watu huketi juu ya mikeka wakizungumza kwa sauti ya chini. Ngoma ina siku yake na msiba una siku yake. Lakini ukitoka Mombasa ukashika njia ya Mazeras na Kaloleni, mwendo ambao si mrefu hata kidogo, utawakuta jirani zetu Wagiriama, na hao wana ngoma maalumu ya matanga. Jina lake ni kifudu. Mgiriama hupigiwa kifudu anapofiwa, na kwake yeye ngoma hiyo si furaha wala si mchezo. Ni kilio chenye miguu.

Na huko Kitui na Makueni, ambako sherehe za mwaka huo zilikuwa jirani yake, akina mama wa Kikamba wana ngoma yao, kilumi, yenye magoma makubwa, inayochezwa kuomba mvua na kuwatuliza mizimu wanaowaita aimu. Mtu wa pwani aliyewahi kusikia ngoma za pepo usiku, hata kama alikatazwa na babake kwenda kutazama, ataijua kilumi akiisikia kwa mbali. Mwaka 1911 ngoma za namna hii zilienea Ukambani kwa nguvu isiyo ya kawaida, zikiongozwa na bibi mmoja, Syotune wa Kathuke, pamoja na mwanamume aliyeitwa Kiamba. Zilipoanza kubeba maneno ya kuikataa Serikali ya Kiingereza, wakubwa waliingiwa na hofu, wakawakamata wote wawili na kuwahamisha mbali na watu wao.

Nayataja haya kwa sababu bwana aliyekuwa amelitawala jimbo la Ukamba, ambalo ndani yake ilikuwamo Kitui pamoja na nchi ambayo leo ni Makueni, alikuwa Charles Hobley. Mwaka 1910 alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya mila za Wakamba. Baadaye akaletwa Mombasa kuwa mkuu wa jimbo la pwani. Hajakaa sana kwenye kiti chake kipya, akakutana tena na jambo lile lile alilolijua bara: mwanamke, ngoma, na watu wanaokataa kulipa kodi. Mara hii mwanamke huyo aliitwa Mekatilili wa Menza, na ngoma ilikuwa kifudu.

MTOTO WA GANZE

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi. Menza ni babake. Mekatilili ni jina la heshima alilolipata baada ya kuzaa, maana yake mama wa Katilili, kama vile sisi tunavyomwita mtu Mama Fatuma au Mama Ali na jina la utotoni likasahauliwa. Alizaliwa katika nchi ya Ganze, pahali paitwapo Mutara wa Tsatsu, kwenye miaka ya 1860 au karibu na hapo. Alikuwa mtoto wa kike pekee katika nyumba yenye ndugu wanaume.

Husimuliwa kwamba mmoja wa ndugu hao alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa akachukuliwa, wala hakurudi tena. Hapa msomaji wa pwani hana budi kumeza mate na kuendelea kusoma. Biashara hiyo ilikuwapo katika miji yetu, na walioifanya walisali katika misikiti yetu. Wazee wetu hawakupenda kuizungumza mbele ya watoto, na magazeti nayo yamezoea kuizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Lakini maisha ya bibi huyu hayaelezeki mtu akiiruka. Yeye aliona kwa macho yake kwamba mgeni anaweza kuja na kuondoka na mtu wa nyumbani, na kwa hivyo Waingereza walipokuja kudai vijana wa kazi, hakuhitaji kufundishwa maana yake.

Wala isidhaniwe kwamba baina ya Wagiriama na Waislamu wa pwani kulikuwa na uadui mtupu. Wagiriama walileta pembe za ndovu, kisha mahindi, na wafanyabiashara wa Takaungu, Malindi na Mambrui wakayanunua na kuyapakia majahazini. Palikuwa na urafiki wa damu na ahadi za kusaidiana. Mbaruk bin Rashid el-Mazrui alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, Wagiriama wengi walimpa chakula na maficho. Mbaruk alishindwa, akavuka mpaka kwenda kwa Wadachi, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Wagiriama walibaki, na kwa muda wakaachwa peke yao. Walikuwa wakiuvuka mto Sabaki kwenda kaskazini, wakifyeka misitu na kulima ardhi nzuri ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Katika miaka hiyo Mekatilili aliolewa, akazaa, na mwishowe akawa mjane. Hakuwa na cheo. Desturi ya Kigiriama iliwapa wazee wanaume wa kaya kazi ya kusema na kuamua, na mwanamke hakusimama barazani kuhutubia.

KODI NA VIJANA

Ni nini basi kilichomtoa nyumbani? Jibu liko katika mashamba ya pwani. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa rasmi katika nchi hii ya pwani. Wenye mashamba ya minazi wakakosa watu wa kulima, na Wazungu waliokuja kufungua mashamba ya mpira na pamba nao wakataka vibarua. Serikali ikatazama huku na huku, ikawaona Wagiriama, watu wengi, wenye nguvu, wanaojilimia mahindi yao na kuyauza wapendavyo. Machoni pa mkoloni, mtu anayejilimia mwenyewe alikuwa mtu asiye na kazi.

Mwishoni mwa mwaka 1912 akaletwa kijana wa Kiingereza kuwa bwana shauri wa Ugiriama, jina lake Arthur Champion. Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Alikuwa mtu wa kuandika. Mwaka ule ule wa 1912 makala yake juu ya Watharaka, wale wanaokaa kando ya mto Tana wakipakana na Kitui, ilitoka katika jarida la wataalamu huko London. Kazi aliyopewa Ugiriamani ilikuwa nyepesi kuitaja na nzito kuitenda: kukusanya kodi ya nyumba, kuchagua wakubwa wa vijiji watakaoitii Serikali, na kutoa vijana wa kwenda mashambani na kwenye kazi za Serikali. Wakubwa hao wa vijiji waliteuliwa upesi upesi, na wengi wao hawakuwa na lolote la kuheshimiwa nalo ila karatasi ya bwana shauri.

Hapo ndipo Mekatilili alipoanza kutembea. Umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini. Alikwenda kijiji baada ya kijiji, na popote alipofika alianza kwa kifudu. Fikiria werevu wa jambo hili. Mkutano wa siasa ungekatazwa, na askari wangetumwa kuutawanya, lakini ni nani atakayetuma askari kutawanya watu wanaolia matanga? Wanawake walitoka majumbani kwa mlio wa ngoma kama walivyozoea, wanaume wakasogea kutazama, na ngoma ilipopoa bibi alisimama katikati akaanza kusema. Aliwaambia kwamba watoto wao watachukuliwa. Aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, yule bibi wa zamani ambaye Wagiriama husema alitabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama katani, na kwamba siku hiyo nchi itaharibika na vijana hawatawaheshimu wazee. Matanga aliyokuwa akiyacheza, basi, yalikuwa ya nchi nzima.

Hakuwa peke yake. Alikuwapo mzee Wanje wa Mwadorikola, ambaye wengine humtaja kuwa mkwewe, na huyo ndiye aliyewavuta wanaume. Kufikia katikati ya mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, wakala viapo viwili: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Atakayempelekea Mzungu kodi, atakayefanya kazi kwake au kumpeleka mwenzake barazani, kiapo kitamshukia. Kwa Mwislamu viapo hivi si vya kusifiwa, na sivisifu. Lakini nguvu yake juu ya watu ilikuwa kubwa kupita bunduki. Katika majuma machache kodi ilikauka, vibarua wakapotea, na wakubwa wa vijiji wakaogopa hata kuonekana wakimwamkia Champion njiani.

KUKU WA CHAKAMA

Tarehe 13 Agosti 1913 Champion aliitisha baraza. Juu ya siku hizo kuna kisa ambacho kila mtoto wa Kigiriama anakijua, na hata huku Mombasa kimesimuliwa sana. Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka bwana shauri achukue kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Bibi akawaeleza watu kwamba hivyo ndivyo atakavyofanywa mtu atakayejaribu kuchukua mtoto wa Mgiriama. Champion kwa hasira akatoa bunduki akampiga kuku yule. Wako wasemao kwamba bibi alimzaba kofi mbele ya watu wote.

Mimi kofi nina shaka nalo. Ofisa wa Kiingereza aliyepigwa kofi na mwanamke mbele ya baraza asingengoja miezi miwili kumkamata. Lakini kuku namkubali, maana ni mfano unaofanana kabisa na akili ya bibi huyu: hakuna hotuba ndefu, hakuna tusi, ni kiumbe mdogo tu anayefanya kile ambacho kila mama hufanya, na Mzungu anayefanya kile ambacho kila mtu alimtarajia afanye. Ulikuwa mchezo wa kuigiza, na mwigizaji mmoja hakujua kwamba yumo mchezoni.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa kuhamishwa kwa miaka mitano na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Huu ulikuwa mtindo wa Waingereza: mtu wa pwani humpeleka bara, mtu wa bara humleta pwani. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 alipelekwa Kismayu. Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe, aliletwa Lamu, akakaa huko mpaka vita vya pili vilipokwisha, na wazee wa Lamu wa zama zile walimjua kwa uso. Serikali iliamini kwamba mtu akiondolewa kwenye lugha yake na watu wake, sauti yake itakauka.

Kwa Mekatilili hesabu hiyo haikutimia. Tarehe 14 Januari 1914 yeye na Wanje walitoroka Kisii, wakarudi kwao kwa miguu. Kutoka Kisii hadi Ganze ni zaidi ya kilomita 600 hata ukipima moja kwa moja kama anavyoruka kunguru, na wao hawakuwa kunguru. Kati kati pana Bonde la Ufa, pana nchi ya Wamasai, pana nyika kavu ya Ukambani na ya Tsavo yenye simba na isiyokuwa na maji. Mtu aliyewahi kupita Mtito Andei saa saba mchana ndani ya basi, dirisha likiwa wazi na koo limekauka, hebu na afikiri juu ya bibi mzee akipita nchi za namna hiyo kwa miguu. Walipotokea Ugiriamani wakiwa hai, watu waliona muujiza. Serikali ikatoa amri wakamatwe tena, lakini hapakuwa na aliyekuwa tayari kuwataja.

VITA NDANI YA VITA

Mwaka 1914 Serikali ilikata shauri kuumaliza ubishi huu. Wagiriama walioko kaskazini ya Sabaki waliamriwa kuiacha ardhi ile yenye rutuba na kurudi kusini ya mto. Na kwa kuwa nguvu zote za viapo zilitoka Kaya Fungo, iliamriwa kaya nayo ibomolewe. Tarehe 4 Agosti 1914 kaya ilitiwa baruti, mti mkubwa ukapasuliwa na malango yakachomwa. Siku hiyo hiyo, huko Ulaya, Uingereza ilitangaza vita na Ujerumani. Kwetu sisi ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 1332 Hijria. Siku tatu baadaye, tarehe 7, Mekatilili na Wanje walikamatwa mara ya pili, na safari hii walihamishiwa Kismayu.

Mlipuko wa Kaya Fungo ulifanya kile ambacho viapo peke yake havikufanya. Katikati ya Agosti askari mmoja alimnajisi mwanamke wa Kigiriama, watu wakamwua, na vita vikawaka. Kambi ya Champion ilishambuliwa. Hizo ndizo siku ambazo Wadachi waliiteka Taveta, tarehe 15 Agosti, na Waingereza wa Mombasa walikuwa hawalali kwa kuhofia reli na kuhofia bahari. Hofu ya bahari haikuwa ya bure, kwani mwezi uliofuata, tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, watu wa Forodhani wakitazama. Katika hali hiyo, askari wa Keya waliotakiwa kwenda kupigana na Wadachi waligeuzwa wakatumwa kupigana na wakulima wenye mishale.

Wagiriama huviita vita hivyo Kondo ya Chembe. Havikuwa vya majeshi mawili kusimama uwanjani. Askari waliingia vijijini wakichoma nyumba na kuchukua mbuzi, na vijana wenye mishale wakawavizia vichakani kisha wakakimbia. Wagiriama wapatao 150 waliuawa kwa hesabu ya upande wa Serikali, na simulizi za Wagiriama wenyewe hutaja zaidi. Nyumba kwa maelfu ziliteketea, na mifugo kwa maelfu ikachukuliwa. Kufikia Oktoba watu walikuwa hawana chakula, hawana dari, wakaomba amani. Wakatozwa faini ya rupia 100,000, kiasi ambacho mtu aliyechomewa ghala hawezi kukipata ila kwa kwenda kule kule mashambani alikokataa kwenda. Kaskazini ya Sabaki pakahamwa. Njaa ikafuata.

Watu wetu walikuwa wapi wakati huo? Wengine walikuwa wakarani na askari wa Serikali, na walitembea na Champion. Wengine waliwaficha marafiki zao wa Kigiriama. Wenye mashamba wengi walinyamaza, maana shida ya vibarua ilikuwa yao pia. Katika vitabu vyetu na tenzi zetu za miaka hiyo, vita hivyo vilivyopiganwa maili chache kutoka Malindi na Takaungu havikupata nafasi inayovistahili.

KURUDI

Ajabu ya mambo ni kwamba aliyeshindwa vitani alishinda baadaye. Serikali ilitambua polepole kwamba imeiharibu nchi iliyokuwa ikilisha pwani, na kwamba bila ya kaya na wazee wake hapakuwa na mtu wa kusema naye. Wagiriama wakaruhusiwa tena kuvuka Sabaki. Kaya Fungo ikafunguliwa. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje wakaachiliwa kutoka Kismayu wakarudi. Yeye akakaa kayani akiwa mkuu wa baraza la wanawake, na Wanje akiwa mkuu wa baraza la wanaume. Yule mjane asiyekuwa na haki ya kusimama mbele ya wazee akawa ndiye mzee. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki karibu na mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika nchi ya Magarini, kaskazini ya mto ule ule ambao Serikali ilikuwa imewakataza watu wake kuuvuka.

Baada ya vita vikuu Waingereza walijenga kumbukumbu zao. Katika miaka ya 1920 sanamu za askari na wapagazi zilisimamishwa Nairobi na Mombasa, na ni haki zilisimamishwa, kwa sababu wapagazi, wakiwamo vijana wengi mno wa Kitui na Machakos waliokusanywa kwa nguvu mwaka 1917, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Lakini kwa Wagiriama waliouawa mwezi wa Agosti 1914 hapakujengwa kitu. Walichokuwa nacho ni kifudu, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa sanamu yao.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 2010, mwaka ambao katiba mpya iliigeuza Sikukuu ya Kenyatta kuwa Sikukuu ya Mashujaa, bustani ya mjini Malindi ilipewa jina la Mekatilili wa Menza na sanamu yake ikawekwa. Kila mwezi wa Agosti chama cha utamaduni cha Malindi, kinachojulikana kwa herufi zake MADCA, kimekuwa kikiwakusanya watu kwa sherehe za kumkumbuka. Wazee wa kaya hutangulia kwa dua za kwao. Wanawake hujifunga hando, ile sketi ya marinda mengi, na kifudu huchezwa. Vijana huigiza kisa cha kuku, na hapo uwanja wote huangua kicheko Champion anapodonolewa, na watoto hupiga mayowe bunduki inapolia. Kaya nazo, ile ya Fungo ikiwamo, zilitiwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Yapo maneno juu ya sherehe hizi, na si maneno ya bure. Wako wazee wa Kigiriama wasiopenda kuona kifudu kikichezwa mbele ya watalii wenye kamera, kwa sababu kifudu hakichezwi bila maiti. Mimi najiuliza kama bibi mwenyewe hakufanya hivyo hivyo mwaka 1913, alipoitoa ngoma ya matanga mahali pake na kuipeleka penye watu wanaosikiliza. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa akiwatahadharisha watu wake, na mtalii hana cha kutahadharishwa. Wanasiasa nao hupenda kusimama chini ya sanamu yake kila uchaguzi unapokaribia, jambo ambalo halina dawa.

Neno la pili ni zito zaidi. Katika nchi hiyo hiyo ya Kilifi ambako bibi mwenye mvi hutukuzwa kila Agosti, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya msingizio huo lipo shamba ambalo mtoto au mpwa analitaka. Mekatilili angetembea leo kijiji kwa kijiji akicheza ngoma na kutaja mizimu, sina hakika kwamba angefika salama mwisho wa safari. Chama hicho cha Malindi hakikuishia kwenye ngoma. Kimefungua pia mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa hofu ya kuuawa. Wageni wa sherehe za Agosti hawapelekwi huko sana.

Na Bwana Champion? Alipanda vyeo, akafika kuwa mkuu wa jimbo huko kaskazini, Turkana. Maandishi yake juu ya mila na desturi za Wagiriama yalipigwa chapa London mwaka 1967, miaka minne baada ya Uhuru, na wanafunzi wa vyuo vikuu huyasoma hadi leo wanapotaka kujua namna kaya ilivyokuwa kabla ya kutiwa baruti.

Anayetaka kulizuru kaburi la Bungale huanzia Malindi, akalivuka daraja la Sabaki akaingia Magarini, na huko hakosi mtu wa kumwonyesha. Mwezi wa Agosti njia hiyo huwa na watu wengi, wanawake wakitangulia na ngoma zao. Miezi mingine ni ya mashamba ya mahindi na mbuzi, pande zote mbili.